Nyumba Kuukuu ya Kasongo: Warithi Kwanza, Ukuta Baadaye

Kasongo haikosi nyumba zilizochoka: matofali ya kuchoma ya enzi za Wabelgiji, paa limeinama, plasta imebanduka, na mwenyewe yuko Kindu au Bukavu akitafuta mnunuzi. Mwenye dola elfu chache huona bahati. Atanunua kwa bei ndogo, atabadili manjanja, atapaka rangi, atapangisha. Hesabu hiyo inaweza kutimia, ila wengi hugonga ukuta kabla ya kuuliza ni nani hasa anayeuza.

Kwa sheria ya 20 Julai 1973, ardhi yote ya Kongo ni mali ya Serikali. Unachonunua ni nyumba pamoja na haki ya kukitumia kiwanja, na haki hiyo inathibitishwa na cheti cha usajili kinachotolewa na konservata wa hati za ardhi. Karatasi ya shefu wa kartie na mkataba wenye sahihi za mashahidi husaidia kueleza historia ya kiwanja, lakini havichukui nafasi ya cheti. Kama hakipo, gharama ya kukitafuta itolewe kwenye bei, si kwenye akiba yako. Nyumba iliyokuwa ya mfanyabiashara wa kigeni ichunguzwe mara mbili: baada ya Mobutu kutangaza zaireanizesheni tarehe 30 Novemba 1973, mali kama hizo zilipewa watu wengine, na baadhi zikarudishwa kwa wenyewe baadaye. Hati za pande zote mbili zaweza kuwa bado kabatini.

Hapo ndipo uulize habari za warithi. Kaka mkubwa anayekuonyesha vyumba huwa na wadogo zake, wengine Kinshasa, wengine hajawaona miaka mingi. Sahihi yake peke yake haitoshi. Familia nyingi za Kiislamu mjini hugawana mirathi mbele ya shehe, na wakikubaliana ni heri. Lakini binti aliyepewa nusu ya fungu la kaka yake akienda tribinali, jaji atafungua Sheria ya Familia ya 1987, ambamo watoto wote hupata sawa. Sheria hiyohiyo humpa mjane haki ya kuendelea kuikalia nyumba aliyoishi na marehemu. Ukinunua bila ridhaa yake, umenunua kuta ambazo huwezi kumtoa mtu ndani yake.

Familia ikiwa moja, panda juu. Choma kisu kwenye boriti pale zinapokaa juu ya ukuta; kikizama, mchwa wamekutangulia. Paa la zamani la vigae vya saruji vya kijivu huenda lina asbesto. Usimruhusu fundi kulikata kwa msumeno wala kulivunja likiwa kavu, kwa sababu vumbi lake huharibu mapafu miaka mingi baadaye. Lilowanishwe, vigae vishushwe vizima na kufukiwa mbali na kisima.

Ukuta wenyewe huogopwa kupita kiasi. Ufa mwembamba wa plasta si neno. Unaopanda ngazi kwa ngazi kufuata viungo vya matofali ndio wa kuchunguza: ubandike kipande chembamba cha saruji, uandike tarehe, usubiri mvua. Kikipasuka, msingi bado unatembea. Na matofali yaliyounganishwa kwa udongo yasipigwe plasta nzito ya saruji. Unyevu hufungiwa ndani, udongo hulegea, plasta hudondoka mabamba kwa mabamba. Mara nyingi fedha hiyo ingefaa zaidi kurefusha paa na kuchimba mfereji wa kuondoa maji penye msingi. Matofali mapya yachomwe Juni hadi Agosti, wakati wa kiangazi. Saruji inunuliwe kabla barabara hazijaharibika, maana hapa bei yake huamuliwa na lori zaidi ya kiwanda.

Sasa kalamu. Tuseme umenunua kwa dola 4,000, ukatengeneza kwa 3,000, na kodi ni dola 60 kwa mwezi. Ondoa miezi miwili ya nyumba kukaa tupu: unabaki na 600 kwa mwaka, kabla ya ushuru na matengenezo. Mtaji utarudi baada ya miaka kumi na miwili hivi. Usitegemee garanti kubwa kuufupisha muda huo, kwani sheria ya Desemba 2015 imeiwekea nyumba ya kuishi kikomo cha miezi mitatu ya kodi.

Upande wa Kabambare, kishawishi ni dhahabu ya Salamabila. Mgodi wa huko, Namoya, ulianza uzalishaji wa kibiashara 2016, na 2019 kampuni ya Banro ikasimamisha kazi. Nyumba inayohitaji miaka kumi na miwili kulipa haiwezi kutegemea mpangaji ambaye kipato chake hutoka mgodini. Mimi ningeitengeneza kwa kiasi ambacho mwalimu au muuguzi anaweza kulipia kodi, na bei ya kununulia ningeirudisha chini hadi ikubaliane na kodi hiyo.