Kinywa Kabla ya Kisu

Mtu wa Karurumo, huku Embu, apangiwapo kupasuliwa, aghalabu huelekea hospitali ya Kyeni kwa wamisionari Wakonsolata, au Runyenjes, au mjini Embu, ama hushika njia ya Meru mpaka Chogoria, ambako misheni ya Waskoti iliweka tabibu tangu mwaka 1922. Na popote aendapo yu tayari kuoshwa tumbo kwa dawa na kushinda na njaa tangu usiku, ilhali kinywa, ambacho ndicho mlango wa kupitishia mrija wa hewa, yeye na jamaa zake hawakikumbuki.

Mwaka 1683 Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa Delft, Uholanzi, alikwangua ukoga wa meno yake, akautazama kwa kioo cha kukuzia, akaona viumbe hai vikienda huku na huko. Leo zimekwisha tambuliwa aina zaidi ya 700 za bakteria wa kinywani, na walio wengi hawana dhara maadamu wamekaa mahali pao.

Dhara huja wakihama. Mgonjwa aliyelazwa kwa nusukaputi hawezi kukohoa, na mate yaliyochanganyika na ukoga huweza kuteremka kwenye koo la hewa. Baadaye, kwa maumivu ya jeraha, huogopa kukohoa kwa nguvu, makohozi yakatuama, na nimonia ikapata makao. Fauka ya hayo, kufunga kula na baadhi ya dawa hukausha mate, nayo mate ndiyo maji ya kuoshea kinywa usiku na mchana.

Njia ya pili ni damu. Fizi zilizovimba huvujisha bakteria hata mtu atafunapo chakula, na mwili wenye siha huwafagia upesi. Lakini mtu ambaye vali ya moyo wake iliharibiwa na homa ya baridi yabisi, maradhi ambayo huanza kwa koo la mtoto lisilotibiwa, akatiwa vali ya bandia, kwake bakteria hao huweza kunata hapo na kuzaana. Ndiyo sababu kabla ya kung'olewa jino hupewa amoksilini, gramu 2 kwa mtu mzima, dakika 30 hadi 60 mapema. Tangu mwaka 2007 matabibu wa moyo wa Marekani wameihifadhi kinga hiyo kwa wenye hatari kubwa tu, na kwa maoni yangu walifanya vyema: mwenye ngiri anayekwenda kupasuliwa, ambaye moyo wake ni mzima, hana haja ya kujinunulia vidonge hivyo.

Hapa Embu kuna pia muguka, majani ya kuchangamsha yanayotafunwa. Mtu hutunisha shavu kwa majani hayo na bigijii, yaani ubani wa kutafuna, akateremshia soda, kinywa kikazidi kukauka na meno kuloweshwa sukari. Kisha humficha mtoa nusukaputi habari hiyo, ilhali muguka huo huo huupandisha mpigo wa moyo.

Japani tangu mwaka 2012 bima ya afya hulipia matunzo ya kinywa kabla ya upasuaji mkubwa. Kwetu mgonjwa na aonane na mtabibu wa meno majuma kadhaa mapema, apige mswaki meno na ulimi asubuhi ya siku yenyewe na kutema maji yote, avue meno ya bandia, na jino linalocheza alitaje, ili mtoa nusukaputi ajihadhari nalo aingizapo ala yake.