Maskani na Mawindo: Ugomvi wa Ardhi katika Magharibi ya Marekani (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulieleza jinsi bei ya nyumba inavyopanda katika miji ambayo uzuri wake ndio biashara yake, tukaona kwamba mji wa namna hiyo aghalabu huwafukuza wale wale wanaoutumikia: mwalimu, muuguzi, mpishi, fundi bomba na askari wa zimamoto. Leo, kama tulivyoahidi, tunaingia katika jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halina nasaba yoyote na kodi ya nyumba, nalo ni uwindaji wa ndege kwa mbwa waliofunzwa. Kwani katika majimbo ya magharibi ya Marekani mambo haya mawili yamekutana juu ya ardhi moja, na mwaka 2025 yalifikishwa mbele ya Baraza la Seneti kana kwamba moja haliwezi kuishi ila kwa kufa jingine. Rai yangu, ambayo nitajitahidi kuithibitisha, ni kwamba ugomvi ule haukuwa wa lazima, na kwamba ughali wa nyumba hautibiwi kwa kumuuzia ardhi ya umma yeyote mwenye fedha nyingi kuliko wenziwe.

Natutazame bonde la Mto Wood, katika jimbo la Idaho. Mwaka 1936 Averell Harriman, mkuu wa shirika la reli la Union Pacific, alifungua mahali paitwapo Sun Valley hoteli ya wateleza thelujini, kwa kusudi la kuzijaza abiria treni zake. Na wageni walipokuja, walikuja pia kwa ajili ya samaki wa mto na ndege wa mashambani. Ernest Hemingway, ambaye katika miaka ya 1933 na 1934 aliwinda katika nyika za Kenya na Tanganyika, na mwaka 1935 akatoa kitabu chake *Green Hills of Africa* juu ya safari hiyo, alifika Sun Valley mwaka 1939, akavutiwa na bata na fezanti wa huko, akarudi mara nyingi, na hatimaye akanunua nyumba katika mji jirani wa Ketchum, ambako alifariki mwaka 1961 na ndiko alikozikwa. Bonde lenyewe ni jembamba, limebanwa na milima huku na huku, na milima hiyo kwa sehemu kubwa haimilikiwi na mtu binafsi, kwa kuwa zaidi ya nusu ya ardhi yote ya Idaho ni mali ya serikali kuu.

Umiliki huo una historia ambayo haifai kufichwa. Kabla ya serikali, ardhi ile ilikuwa ya watu wa Shoshone na Bannock, nao waliipoteza kwa mikataba iliyovunjwa na kwa vita, vikiwamo vile vya mwaka 1878 vilivyozuka kwa sababu ya uwanda ambao mizizi ya mmea wake uitwao camas ilikuwa chakula chao. Nayo serikali, kwa sheria ya mwaka 1862, ilikuwa imeanza kuwagawia walowezi ekari 160 kila mmoja. Lakini milima mikavu, isiyolimika, haikupata wa kuichukua, ikabaki mikononi mwa taifa. Mwaka 1976 Kongresi ilitunga sheria iliyotamka kwamba ardhi hiyo, kwa kawaida, ibaki kuwa ya umma, na hivi leo ofisi moja tu ya serikali, ile inayosimamia nyika za malisho na vichaka, ina ekari zipatazo milioni 245 chini ya ulinzi wake. Hivyo kile ambacho walowezi walikidharau kikageuka kuwa rasilimali ya wananchi wote.

Humo ndimo anamowinda mtu asiye na shamba. Katika Uingereza na Skotlandi haki ya kuwinda hufuatana na ardhi, na mtu anayetaka kupiga kwale wa milimani msimu unapofunguliwa tarehe 12 Agosti ni lazima awe mwenye milki, au mgeni wa mwenye milki, au mtu wa kulipa ada kubwa. Katika Marekani, kinyume chake, ndege wa mwituni huhesabiwa kuwa amana ya watu wote chini ya uangalizi wa jimbo, na palipo na ardhi ya umma, karani wa duka au fundi magari mwenye leseni yake, bunduki yake na mbwa wake huingia bila ya kumwomba mtu ruhusa. Tena wawindaji hao hawali bure: tangu sheria ya mwaka 1937 iitwayo kwa majina ya wabunge Pittman na Robertson, bunduki ndefu na risasi hutozwa ushuru wa asilimia 11 kiwandani, na fedha hizo hurejeshwa kwa majimbo kwa ajili ya kuhifadhi wanyama na makazi yao.

Ndege anayesifiwa kuliko wote katika miteremko hiyo ni mgeni: ni kwale wa Asia aitwaye chuka, mwenye mdomo na miguu myekundu na utepe mweusi upitao machoni na kushuka kooni, ambaye asili yake ni nchi zinazoanzia Uturuki hadi milima ya Himalaya, na ambaye alianza kufunguliwa huko Magharibi katika miaka ya 1930. Akalikuta jani ambalo nalo limetoka nje, lile linalowasumbua wafugaji na kuchochea mioto ya nyika, akalifanya chakula chake. Tabia yake ni kupanda mlima kwa miguu akimkimbia adui, kisha kuruka kwa kuteremka bondeni pale anapobanwa, kiasi kwamba mwindaji asiye na mbwa anaweza kushinda mchana kutwa akipanda na kushuka asimwone ila kwa mbali.

Hapo ndipo ilipo kazi ya mbwa, na elimu yake yataka kufafanuliwa. Mbwa wa ndege wamegawanyika katika makundi matatu. Wako wa kuelekeza, kama vile pointa, seta na britani, ambao hukimbia mbali mbele ya bwana wao wakiuvuka upepo kushoto na kulia, na wanapoinusa harufu ya ndege husimama ghafula, mwili umekakamaa na pua imeelekea mahali alipojificha, wakangoja hivyo mpaka mwindaji afike. Wako wa kufurusha, mfano wa spanieli, ambao hufanya kazi karibu, ndani ya masafa ya bunduki, na kuwainua ndege kwa kuwarukia. Na wako wa kuokota, kama labrado, ambao huketi kimya hata ndege aanguke, kisha wakamleta mkononi bila ya kumtafuna. Seta wa zamani, kabla ya bunduki kuenea, walifunzwa kulala chini mbele ya ndege ili watu wapite juu yao na kutupa wavu. Na hata leo mbwa wa kuelekeza hufunzwa, aonapo mwenziwe amesimama, naye asimame papo hapo kwa kumheshimu, hata kama mwenyewe hajanusa kitu.

Mafunzo hayo huanza na amri ya kutulia, kisha mtoto wa mbwa hukutanishwa na njiwa waliofichwa majanini, akajifunza kwamba akimkimbilia ndege atamkosa na akisimama atampata. Si kazi ya siku moja, na mbwa hafikii ukamilifu mpaka akutane na ndege wengi wa mwituni katika misimu kadhaa. Sisi watu wa pwani tuna sababu yetu ya kulielewa jambo hili, maana aya ya 4 ya Sura ya Al-Maida imehalalisha kinachokamatwa na mnyama aliyefunzwa, na mafakihi wakaeleza alama za mafunzo: atumwapo aende, azuiwapo azuilike, na windo asilile. Anayemfunza mbwa Idaho hutafuta sifa zizo hizo, na faida yake kwa ndege ni kubwa, kwa sababu windo lililojeruhiwa likapotea vichakani ni hasara tupu, ilhali mbwa hodari hulifuata kwa pua hata alipate.

Sasa turudi kwenye nyumba. Mji wa Ketchum una wakazi wa kudumu wapatao 3,500 tu, lakini nyumba zake nyingi ni za matajiri wa miji ya mbali, ambao huzitumia wiki chache kwa mwaka au kuzikodisha kwa wageni wa usiku mmoja au miwili. Wafanya kazi wamesukumwa kusini, kwanza Hailey, kisha Bellevue, kisha nje ya bonde kabisa, na huendesha gari masafa marefu katika barabara zenye barafu ili wawahi zamu zao. Mwaka 2021 mambo yalifika pabaya hata baraza la mji likajadili hadharani kama wafanya kazi waruhusiwe kulala katika mahema kwenye bustani ya umma. Na mji wenyewe umefungwa mikono: sheria za Idaho haziruhusu halmashauri kuweka kikomo cha kodi ya nyumba, na sheria ya mwaka 2017 imezizuia kupiga marufuku ukodishaji wa muda mfupi.

Katika hali hiyo, mwezi wa Juni 2025, Seneta Mike Lee wa Utah alileta pendekezo ndani ya muswada wa bajeti, kwamba serikali ilazimishwe kuuza ekari zaidi ya milioni 2 za ardhi ya umma katika majimbo 11 ya Magharibi, kwa hoja kwamba uhaba wa ardhi ndio unaozifanya nyumba kuwa ghali. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli, kwani bonde lililozingirwa na ardhi isiyouzwa haliwezi kutanuka. Hata hivyo wawindaji wa ndege, wavuvi, wafugaji na wapanda milima waliinuka kulipinga pendekezo hilo kwa umoja ambao hauonekani mara nyingi katika siasa za nchi ile. Maseneta wote wawili wa Idaho, Crapo na Risch, ambao ni wa chama kile kile cha mletaji, wakatangaza kulipinga. Na tarehe 28 Juni pendekezo likaondolewa. Jambo kama hilo lilikuwa limetokea mwaka 2017, pale mbunge Jason Chaffetz, naye wa Utah, alipouondoa muswada wake wa kuuza ekari milioni 3.3 baada ya kelele za wawindaji.

Je, wawindaji walikuwa na haki? Naona walikuwa nayo, kwa sababu iliyo dhahiri: pendekezo halikuwa na sharti lililomlazimu mnunuzi kujenga nyumba ambayo mwenye kipato cha kawaida angeimudu. Mteremko unaotazama bonde la Ketchum, ukiuzwa bila ya sharti, hautajengwa nyumba ya muuguzi. Utajengwa kasri jingine la kukaliwa wiki chache, nalo litahitaji watumishi wengine wasio na pa kulala. Mauzo yenye sharti ni habari nyingine kabisa. Huko Nevada, kwa sheria ya mwaka 1998, vipande vya ardhi ya serikali vilivyo ndani ya mzunguko wa Las Vegas huuzwa kwa utaratibu maalumu, na mwaka 2024 wilaya ya Clark iliuziwa ekari 20 kwa dola 100 kila ekari, kwa ajili ya nyumba za wenye kipato kidogo na si kwa kingine. Kipande cha mjini, kilichokwisha kuzungukwa na barabara na mabomba, hakina chuka wala mwindaji wa kukililia.

Lakini insafu inataka tuwaambie na wawindaji neno lao. Ni rahisi kwa mtu aliyekwisha kuwa na nyumba kusimama upande wa ndege, kisha, linapokuja shauri la kujenga maghorofa katikati ya mji, akasimama tena kulipinga kwa kisingizio cha mandhari. Ketchum walipoamua kujenga nyumba 51 za bei nafuu mahali palipokuwa na ofisi ya zamani ya mji, baadhi ya wakazi walipinga kwa nguvu; zikajengwa, na sasa zina watu. Mwenye kutaka vilima vibaki wazi hana budi kukubali majirani wengi zaidi bondeni, kwani hayo mawili ni sharti moja lenye pande mbili, na anayelitaka la kwanza huku akilikataa la pili anawatoza maskini gharama ya starehe yake.

Njia iliyobaki ni kuifunga nyumba yenyewe. Wazee wetu wa pwani waliijua vyema kwa jina la wakfu: mali iliyowekwa wakfu haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi, na nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Unguja ziliwastiri kwa njia hiyo watu wasio na uwezo. Mji wa Vail, katika Colorado, humlipa mwenye nyumba ili aandike katika hati yake, milele, kwamba atakayekaa humo awe ni mtu anayefanya kazi katika wilaya ile kwa wastani wa saa 30 kwa wiki au zaidi. Aspen na wilaya yake wana nyumba zipatazo 3,000 zilizofungwa kwa masharti ya namna hiyo, na bila ya hizo mji ule usingekuwa na mwalimu hata mmoja wa kulala mjini. Hakuna kilima kilichouzwa ili hati hizo ziandikwe. Kilichohitajika ni fedha, sheria na ushupavu wa halmashauri.

Kwa hiyo nasema kwamba ardhi ya umma na nyumba ya bei nafuu ni ndugu, maana zote mbili ni mali iliyotolewa sokoni kwa makusudi ili asiye tajiri apate hisa yake katika nchi. Anayeivunja moja kwa kudai kuijenga nyingine ataziharibu zote mbili. Katika sehemu ya tatu, Inshallah, tutachunguza fedha za kununulia masharti hayo zinatoka wapi, nani anazilipa, na kwa nini wapiga kura wa miji hii mara huzikubali na mara huzikataa.