Je, Wajua? Espreso ya Nyumbani Chini ya Mlima

Je, wajua kwamba maji ya Moshi hayachemki kwa joto lile lile la Tanga? Ufukweni yanachemka kwa nyuzi 100. Moshi mjini ni kama 97. Kwenye geti la Marangu, mita 1,879 juu ya usawa wa bahari, ni kama 94, na Kilele cha Uhuru, mita 5,895, yanatokota kwa nyuzi 80 na ushee tu. Espreso inataka maji ya nyuzi 90 hadi 96. Kwa hiyo ukiwa na mashine ya kusukuma kwa mkono, ile isiyo na hita, usifuate ule ushauri wa kusubiri nusu dakika baada ya birika kuchemka. Huku mlimani mimina papo hapo. Mashine ya umeme haina shida hiyo, kwa kuwa inapima joto lake yenyewe.

Wajua kwamba "bar 15" iliyoandikwa kwenye boksi haiongezi utamu? Hiyo ni nguvu ya mwisho ya pampu. Kahawa yenyewe inahitaji bar 9 hivi, na hizo si haba: tairi la gari dogo hujazwa bar 2 na kidogo. Muuzaji akikusifia bar 20, mwulize kama mashine inashika joto bila kuyumba. Hilo ndilo la kulipia.

Mwaka 1933 wakulima wa Kilimanjaro walisajili chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, kilichorithi kazi ya chama cha wapanda kahawa cha mwaka 1925. Mwaka huo huo wa 1933, huko Italia, Alfonso Bialetti alitoa moka, birika dogo la alumini linalopandisha kahawa kwa nguvu ya mvuke. Moka si espreso kamili, maana shinikizo lake ni bar 1 au 2 tu. Lakini inakaa juu ya jiko la gesi, haina pampu ya kuharibika, na kwa nyumba nyingi za hapa ndiyo ningeanza nayo.

Wajua kwamba cha kwanza kununua ni kisagio, halafu ndiyo mashine? Hapa sirudi nyuma. Maji yanayosukumwa kwa nguvu hutafuta penye upenyo. Ule mkebe mdogo wa blenda, tunaosagia pilipili manga, hukata punje ovyo: nyingine vumbi, nyingine chenga kama za mchele. Maji yanakimbia kwenye chenga na kunyonya vumbi kupita kiasi, na kikombe kimoja kinakuja kichungu na kichachu kwa pamoja. Kinu na mchi cha Materuni, ambako wageni hutwanga kahawa kwa nyimbo, kinafaa sana kwa kahawa ya kuchemsha sufuriani, ila hata mtwangaji hodari hawezi kupata unga wa saizi moja. Tafuta kisagio chenye meno ya chuma yanayosagana kama mawe ya kusagia nafaka, hata kiwe cha kuzungusha kwa mkono. Kisha azima mizani ndogo, aina ya sonara. Gramu 18 zikiingia, zitoke kama gramu 36 ndani ya sekunde 25 hadi 30. Zikimwagika kwa sekunde 12, saga laini zaidi. Zikisuasua tone tone mpaka sekunde 50, legeza kidogo. Ukipatia utaona kwa macho: matone mawili matatu meusi, kisha uzi mwembamba wa rangi ya asali, halafu uzi unaanza kupauka. Hapo kata.

Ukilazimika kununua kahawa iliyosagwa tayari, chagua mashine yenye chujio la kuta mbili. Linasamehe usagaji mbaya.

Wajua yale mapovu ya kahawia juu ya espreso yanatoka wapi? Ni gesi ya kaboni dayoksaidi, inayojificha ndani ya punje tangu inapokaangwa na kutoroka siku baada ya siku. Mtu wa Ulaya ananunua mashine ya bei ya pikipiki ili abembeleze kahawa iliyokaa rafuni miezi. Sisi tunaipata iliyokaangwa wiki hii, mjini hapa hapa. Soma tarehe ya kukaangwa, uiache ipumzike siku saba hivi, na uimalize ndani ya mwezi. Inaniuma kuona nyumba yenye mibuni kihambani inanunua kahawa ya kopo.

Desemba, ndugu wanaporudi Uchaggani, mashine nyingi huja ndani ya mabegi. Ile ya Marekani imetengenezwa kwa volti 120, na umeme wa TANESCO ni 230. Ukiichomeka hivi hivi, hita inavuta karibu mara nne ya nguvu yake na inaungua. Geuza mashine, usome kibandiko cha chini kabla ya kushukuru.

Kuhusu umeme wa LUKU usiogope: mashine ya wati 1,200 ikiwaka dakika 10 inakula sehemu ya tano ya uniti.

Maziwa ya ng'ombe wa zizini hutoa povu zuri, lakini mvuke wa sekunde chache hauui vijidudu. Yachemshe kwanza, yapoe kabisa kwenye friji, ndipo uyapige mvuke.

Tazama pia kitako cha birika lako. Ukiona ukoko mweupe, ndio huo huo utakaoziba mashine. Isafishe kwa asidi ya ndimu mara kwa mara. Maji yenyewe nayo yaangalie: baadhi ya visima vya Kilimanjaro na Arusha vina floraidi nyingi, na hiyo haitoki kwa kuchemsha. Linaloiondoa ni chujio la mkaa wa mifupa.

Na umeme ukikatika saa kumi na mbili asubuhi? Mashine ya wenzo, ile ya kusukuma kwa mkono, haitaki waya. Birika kwenye gesi, gramu 18 zilizosagwa kwa mkono, mikono miwili juu ya wenzo, unabonyeza taratibu ukihesabu mpaka thelathini.