Kijana, Rangi na Ukuta wa Jirani

Wazazi wenzetu, kijana anapokamatwa akichafua ukuta wa watu, hasira hututangulia. Tuutazame mji wa Philadelphia, Marekani, uliowahi kusumbuliwa mno na jambo hilo.

Mwaka 1984 meya Wilson Goode alianzisha mpango wa kupambana na maandishi ya ukutani. Vijana waliotia saini ahadi ya kuacha walisamehewa, wakakabidhiwa rangi, na msanii Jane Golden akawaongoza kuchora. Mwaka 1996 juhudi hizo zikawa mpango rasmi wa michoro wa mji, ambao kazi zake sasa zimepita 4,000. Mwenye jengo hutoa idhini, na majirani huketi na wasanii kushauriana juu ya picha itakayowafaa.

Los Angeles ilifuata njia nyingine. Mwaka 2002, ikipambana na mabango ya biashara, ilizuia pia michoro mipya kwenye majengo ya watu binafsi. Wachoraji wakaponzwa na wafanyabiashara. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2013 kwa masharti: mchoro usajiliwe, usitangaze bidhaa, na udumu angalau miaka miwili.

Sisi twapata funzo moja. Katazo husafisha ukuta kwa siku chache. Amana humzalia ukuta mlinzi. Kijana aliyeaminiwa mbele ya jirani zake huona haya kuuharibu. Basi kabla ya kumwita mhuni, tujiulize: ni lini tulimkabidhi kitu akitunze?