Sura ya Tano: Mfuko wa Safari ya Kiomboi

Ushauri mwingi wa kamera za safari hapa Tanzania umeandikwa kwa kuifikiria Serengeti: simba aliye mbali, gari lenye paa la kufunguka, lenzi ya milimita 400. Anayekwenda Kiomboi akiufuata ushauri huo atachosha bega bure. Mji huu ni makao makuu ya wilaya ya Iramba, mkoani Singida. Unaufikia kwa kuchepuka Misigiri kutoka barabara kuu ya Singida kwenda Nzega. Picha zake ni za watu na kazi zao: mama anayechambua vitunguu, fundi baiskeli, kuku wa kienyeji kwenye matenga, familia iliyo katikati ya shamba la alizeti. Tuanze na picha hizo, kisha tuulize kila moja inadai kifaa gani.

Jua la utosini

Kiomboi iko nyuzi nne na kidogo kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 9 Machi na tena karibu na tarehe 4 Oktoba, jua la mchana hupita utosini kabisa. Tena saa ya Tanzania imepangwa kwa longitudo 45, ambayo iko baharini, mashariki ya nchi yetu yote. Kwa hiyo mwezi Machi jua la Kiomboi hufika kileleni karibu saa saba mchana, wala si saa sita. Wakati huo macho ya mtu hugeuka mashimo meusi na ukingo wa kofia humeza uso, na hakuna lenzi ya kutibu hilo. Dawa ni kumwomba mtu asogee kivulini, chini ya mwembe au kwenye kibaraza cha duka.

Kamera nayo ina upofu wake. Hupima mwanga kwa kutafuta wastani, bila kujua inatazama nini. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe au mbingu angavu, kamera hupunguza mwanga na uso hupotea gizani. Uso huohuo ukijaza fremu, huongeza mwanga kupita kiasi na ngozi hupauka. Jifunze kitufe cha kuongeza na kupunguza mwanga kabla ya kuondoka nyumbani. Kina faida kuliko kamera mpya.

Alizeti ina somo lake. Hapa hupandwa mvua zikishakolea, Desemba au Januari, na huchanua miezi kama miwili baadaye. Vichwa vichanga hulifuata jua. Vikikomaa hutulia vikitazama mashariki. Ukitaka nyuso za maua, nenda kabla ya saa tatu asubuhi, jua likiwa mgongoni pako. Jioni, kutoka upande huohuo wa shamba, utapata picha nyingine: jua nyuma ya petali, nazo ziking'aa kwa mwanga unaopenya.

Lenzi mbili

Kwa kazi hizi lenzi ya kuvuta ya milimita 24 hadi 70 inatosha. Kwenye kamera yenye sensa ndogo, ile ya 18 hadi 55 inayouzwa pamoja na kamera hufanya karibu kazi ileile. Ongeza moja isiyovuta, ya milimita 35 yenye tundu la f/1.8. Lenzi ya kawaida ikivutwa mwisho hubaki na f/5.6, ile ya f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara kumi zaidi. Ndani ya nyumba yenye dirisha dogo, au kwenye mgahawa magharibi ikiingia, tofauti hiyo ndiyo picha yenyewe.

Lenzi ndefu ibebe tu kama utateremka hadi Ziwa Kitangiri kutafuta ndege wa majini. Sokoni hukufanya uonekane mpelelezi. Lenzi fupi inakulazimisha usogee, na ukishasogea itabidi uamkie na uombe ruhusa. Droni nayo inahitaji usajili na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kama huna karatasi hizo, iache.

Vumbi na umeme

Mvua hunyesha hasa Novemba hadi Aprili. Baada ya hapo ni vumbi na upepo. Usibadilishe lenzi barabarani: ingia ndani, inamisha kamera uso chini, ubadilishe haraka. Vumbi lipulizie kwa pampu ndogo ya mpira, kamwe si kwa mdomo, maana mate yakikauka juu ya sensa ni kazi ya fundi. Kwenye basi mfuko ukae mapajani, usiingie kwenye buti.

Kamera zisizo na kioo hula betri haraka, kwa hiyo chukua mbili za akiba na pawabenki, kwani umeme unaweza kukatika usiku uliopanga kuchaji. Picha ghafi ya megapikseli 24 huchukua takriban megabaiti 25 hadi 50, hivyo kadi ya gigabaiti 64 hubeba zaidi ya 1,000. Kadi mbili za 64 ni salama kuliko moja ya 128: moja ikiharibika, nusu ya safari imebaki. Simu itatuma picha kwa aliyepigwa, jioni ileile. Asiye na simu janja, msafishie nakala studio kabla hujaondoka.

Vyote hivi vinaenea kwenye mfuko mmoja. Fedha uliyookoa kwa kuacha lenzi ndefu ilipie gesti. Mwanga mzuri huja asubuhi na jioni tu, na anayelala siku tatu anaupata mara nyingi kuliko aliyekuja na basi la asubuhi akarudi na la mchana, hata kama kamera yake ni ghali mara kumi.