Chenso ya Mtumba kwa Kuni za Nyumbani (2): Fungua Eksozi Kwanza

Wiki iliyopita tulieleza kwa nini mkulima wa Vwawa, Mlowo au Tunduma mwenye mikaratusi yake na mibuni mikongwe ya kukata hahitaji chenso ya kupasulia mbao. Stihl 070, wanayoijua wapasua mbao wote, ina injini ya sentimita za ujazo 105. Ni mzigo hata kwa kijana mwenye nguvu. Kwa kuni, injini ya 30 hadi 40 inatosha kabisa. Stihl MS 170 ina 30.1 tu, na haifiki kilo 5 kabla ya kufungwa baa na mnyororo. Leo tuone namna ya kuinunua iliyokwisha tumika.

Kwanza gusa silinda. Ikiwa ya moto, subiri ipoe, kwani wapo wauzaji wanaoiwasha mapema ili usione inavyosumbua asubuhi. Ikishapoa, omba eksozi ifunguliwe. Ni kazi ya boliti chache. Mulika tundu la moshi kwa tochi ya simu, vuta kamba polepole, uitazame pistoni inavyopanda na kushuka. Ubavu wake uwe laini. Ukiona michirizi ya wima iliyochimba chuma, mashine hiyo imewahi kuendeshwa bila ulainisho. Injini hii haina oili yake ya ndani kama pikipiki nyingi za bodaboda. Inategemea oili iliyochanganywa na petroli, mililita 20 kwa kila lita pale mtengenezaji anapotaka moja kwa 50. Petroli tupu ya dakika chache huharibu silinda, na gharama ya silinda mpya itakuangukia wewe. Muuzaji akikataa kufungua, achana naye.

Jambo lisilosemwa sana ni mwinuko. Tunduma iko zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Chenso iliyorekebishwa Dar es Salaam ikifika huku hupata petroli nyingi kuliko hewa: inatoa moshi na kukosa nguvu, ingawa si mbovu. Hatari kubwa iko upande wa pili. Ukiirekebishia Mbozi kisha ukateremka nayo bonde la Rukwa, huko Kamsamba, petroli inapungua kwenye mchanganyiko, injini inachemka na pistoni inaungua. Kama kabureta ina skrubu za marekebisho, fundi aziguse kila unapohama ukanda.

Iwashe sasa. Ikinguruma taratibu bila kukanyagiwa mafuta, mnyororo usizunguke. Elekeza ncha ya baa kwenye karatasi nyeupe, ongeza mafuta: matone ya oili ya mnyororo yaonekane, la sivyo huenda pampu yake imeziba, mara nyingi kwa oili chafu ya gari. Kisha sukuma kinga ya mbele. Mnyororo usimame papo hapo. Breki hiyo ndiyo inayokulinda baa inaporuka kuelekea uso. Ikiwa haishiki, usinunue kwa bei yoyote.

Mwisho, iwe imetoka Nakonde ng'ambo ya mpaka au mtaani kwako, dai risiti yenye namba ya mashine. Na kabla ya kulipa, pita ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) ya wilaya yako, uulize masharti ya kumiliki chenso na vibali vya kukata miti.

Wiki ijayo: kunoa mnyororo.