Bibi kampeleka mjukuu spitali, sahihi ya mama iko Muscat



Leo tuzungumze jambo ambalo kwetu Kisiwa Panza limejaa majumbani, ila hatulisemi mpaka litufike. Watoto wanalelewa na bibi na babu. Baba yuko Unguja au Tanga anahangaika na maisha, mama yuko Oman kazini. Hakuna ubaya, wengi wetu ndivyo tulivyokua. Suali ni moja tu: mtoto akiumwa, nani anatia sahihi?

Mie yamenifika. Mtoto wa dada yangu alianguka mwembeni, mkono ukavunjika. Tukavuka na boti mpaka Chokocho, tukakodi gari, bibi yake kampakata njia nzima. Spitali walimpokea, wakampa dawa ya maumivu, wakampiga picha. Lakini mfupa ulitaka kunyooshwa kwa dawa ya usingizi, wakauliza: "Mzazi wake yuko wapi?" Mama yangu akaduwaa. Kamlea toka ana miaka miwili, anajua mpaka dawa inayomtoa vipele, lakini kwenye karatasi hakuna alipotajwa. Dada yuko Muscat, simu kazima mpaka amalize kazi. Tulimpata saa nne usiku. Mtoto alikuwa anangoja toka adhuhuri.

Tuelewane hapa. Dharura ya roho haingoji karatasi. Machi 2024, kisiwani kwetu walipofariki watu 9 kwa kula nyama ya kasa, 8 kati yao watoto, kazi ilikuwa ni kuokoa kwanza. Karatasi inahitajika kwenye yale yanayoweza kungoja kidogo: upasuaji uliopangwa, dawa ya usingizi, rufaa ya kwenda Unguja.

Sasa tufanye nini? Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ni Namba 6 ya mwaka 2011, na mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Ile ya Bara ya 2009 haituhusu, kwa hiyo usichukue tu fomu ya Bara mtandaoni ukajaza. Mzazi aandike barua ya ruhusa, ukurasa mmoja unatosha, yenye:

1. Jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa na namba ya cheti chake.
2. Majina ya wazazi, na ya bibi au babu, na namba za vitambulisho vyao.
3. Anachoruhusiwa bibi: kumpeleka spitali, kukubali vipimo, kulazwa, kuongezwa damu, upasuaji, rufaa.
4. Maradhi aliyonayo mtoto na dawa zinazomdhuru.
5. Ruhusa inaanza lini na inakwisha lini.
6. Simu za wazazi, pamoja na ya mtu wa pili wa kupigiwa.

Wazazi wote wawili watie sahihi ikiwezekana, mbele ya mashahidi. Kisha mzazi aipeleke kwa wakili au hakimu ale kiapo, ipigwe muhuri. Ongeza barua ya sheha kwamba mtoto anaishi kwa bibi. Mzazi aliyekwisha kusafiri aulize ubalozi wa Tanzania Muscat namna ya kuithibitisha sahihi yake. Toa kopi, funga pamoja na cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki, tia kwenye mfuko wa nailoni maana boti zetu mnazijua. Picha yake ibaki kwenye simu.

Wapo wanaoogopa: "Nikiandika, bibi atanichukulia mwanangu." Sivyo. Barua hii ni ruhusa ya matibabu, mzazi anabaki mzazi na anaweza kuifuta. Wazazi wakiwa wanagombania mtoto, hapo barua haitoshi, hilo ni la mahkama. Na daktari naye anaweza bado kutaka kumsikia mzazi kwa simu, msigombane naye.

Wewe uliyekaa kwenye kompyuta hapo, bibi yako hawezi kuichapa barua hii. Wewe unaweza, robo saa tu. Muulize mama au baba kabla hajapanda boti, maana akishafika ng'ambo ndo tabu inaanza. Mtoto wa dada mkono umepona, alhamdulillahi, na mfuko wa nailoni sasa umetundikwa nyuma ya mlango wa bibi yake.

Haya wadau, kwenu nani anatia sahihi?